Chumvi Kwenye Rafu

Jumatatu ile maktaba ilikuwa kubwa kuliko kawaida na hakuna aliyejua kwa nini. Tuliingia saa mbili asubuhi, tukaketi mahali petu, tukafungua vitabu, na baada ya muda mmoja mmoja tukaanza kuinua vichwa kana kwamba tumeitwa. Hakuna aliyeita. Madirisha yalikuwa wazi kama yanavyopaswa kuwa saa hizo, na hewa ya msituni iliingia kwa chini, baridi, ikapita juu ya vidole vya miguu yetu kama siku zote.

Kilichokosekana ni mguno. Kwa miaka kumi na moja, kila baada ya saa moja hivi, mwanamke mnene mwenye viatu vya raba alipita kati ya meza akivuta kamba hii, akilegeza ile, na kila kamba ilimtoa mguno wake. Katikati ya miguno aliongea peke yake, maneno tuliyokwisha kuacha kuyasikia. "Haya, wewe tosha. Wewe bado. Wewe unanidanganya." Alikuwa akisema na madirisha. Siku hiyo ya kwanza bila yeye ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa tunasoma kwa mwendo wake: akipita tunanyoosha migongo, akipita tena tunakumbuka kwamba tuna njaa. Mtu anaweza kuwa saa yako kwa miaka kumi na moja usijue.

Tulimwita Mama Ghala, kwa sababu ghalani ndiko alikotoka. Miaka ishirini na miwili alikuwa mtunza ghala la nafaka la chama cha wakulima, nje kidogo ya mji, mpaka chama kiliposimamisha matangi ya chuma na kumwambia ahsante. Alirudi nyumbani na funguo ambazo hazikuwa na mlango tena. Mkwe wake, fundi cherehani anayeishi naye nyumba moja, anasema kwa miezi minne mama alikuwa akizunguka uani akiinua vifuniko vya sufuria na kunusa.

Mwaka huohuo maktaba ilikuwa inamaliziwa, ndani ya hifadhi ile ndogo ya miti iliyobaki katikati ya mji. Ni jengo la kuta nene za udongo ulioshindiliwa, na paa lake limeota majani yanayofyekwa kwa panga mara mbili kwa mwaka. Maji ya mvua yanashuka kwenye tangi lililo chini ya sakafu. Taa za mezani zinakula jua la jana. Hakuna feni, wala mashine ya kupoza hewa. Kuna madirisha arobaini na sita, nusu yake chini karibu na sakafu, nusu juu karibu na dari, kila moja lina vibao vya mbao vinavyogeuka kama kope, na kila moja lina kamba yake. Hewa ya baridi inaingia chini upande wa miti, inapanda ikipata joto la miili yetu, inatokea juu. Lakini haiendi yenyewe. Jua linahama, upepo unageuka, mvua inakuja na upande wake, na mtu lazima awepo wa kufuatana navyo kutwa nzima.

Mkuu wa maktaba, mwalimu wa historia aliyestaafu, alipomhoji Mama Ghala kwa ajili ya kazi hiyo alimwonyesha michoro ya jengo. Pembeni ya ukuta mchoraji alikuwa ameweka kijitu cha kalamu kinachovuta kamba.

"Huyu mwembamba," Mama Ghala alisema. "Hafiki saa sita."

"Na wewe, mama, unajua nini kuhusu vitabu?"

"Vinaliwa na wadudu walewale, Mwalimu."

Akamwajiri siku hiyohiyo.

Nyumbani hakupewa heshima nyingi. "Kazi ya kufungua dirisha," mkwe wake alisema, pini mdomoni, "hata upepo unaifanya bure."

"Na kutoboa nguo hata panya wanaweza," Mama Ghala akajibu, na wote wawili wakacheka, kwa sababu walikuwa wanapendana kwa namna hiyo.

Vitabu alivisoma, ila kwa kuanzia mwisho. Alisoma kurasa tatu za mwisho kwanza, akajua nani amekufa na nani ameolewa, kisha akaamua kama hao watu wanastahili muda wake. Wengi hawakustahili.

Sasa lazima niseme habari ya makopo, maana ndiyo iliyotaka kummaliza.

Mkuu alikuwa na wazo zuri. Wote tulikubali kwamba ni zuri. Nyumba kama hii, alisema, haiwezi kuwa ya kijani kwa nje tu. Akabandika karatasi mlangoni: kila anayejiandikisha uanachama aje na mmea kwenye kopo, auache ndani, na jina lake aliandike kwenye kopo. Tulileta. Makopo ya rangi, ya maziwa ya unga, ndoo zilizopasuka mdomo. Tuliyaweka mwisho wa rafu, chini ya nguzo, kati ya atlasi na kamusi. Watu walikuja kupiga picha. Kinyozi wa barabara ya pili alileta mmea wa majani mapana na kuupa nywele, yaani aliukata umbo la kichwa. Tuliamini kwamba mimea inakunywa unyevunyevu wa hewani na kutuachia hewa safi. Hakuna aliyetuambia hivyo. Ni jambo ambalo lilionekana kuwa kweli kwa sababu tulikuwa tunalipenda.

Mwaka wa nane mvua hazikukata. Wiki ya tano nesi mstaafu, anayekaa siku zote meza ya pembeni, alifungua atlasi kubwa na kukuta bahari yote imeota manyoya ya kijivu. Ukungu. Kesho yake ukaonekana kwenye vitabu vya watoto, keshokutwa kwenye rafu nzima ya historia. Mkuu alikuwa akivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa, miwani ikimshuka puani.

Kamati ya majengo ya halmashauri ikaja: mwenyekiti, mhandisi kijana, na afisa mmoja wa ardhi, mwanamke mkimya aliyebeba faili kifuani. Mhandisi alikuwa na kipimo kidogo cha unyevu chenye namba. Akakisimamisha katikati ya chumba. Sabini na nane.

"Vitabu vinataka chini ya sitini na tano," alisema. Kisha akamgeukia Mama Ghala. "Mama, na mvua hii unafungua madirisha?"

"Mvua ikitoka magharibi nafungua mashariki. Kwani wewe mvua ikinyesha unaacha kupumua, mwanangu?"

Watu walicheka, mhandisi hakucheka. Mwenyekiti alitoa uamuzi pale pale, kwa sauti ya mtu anayetaka kuwahi gari. Siku thelathini. Namba isiposhuka, madirisha yote yatapigiliwa misumari na kuzibwa, mashine za kukausha hewa zitaletwa, na ili nguzo za umeme zipite, ile safu ya mikuyu upande wa kaskazini itakatwa.

"Na mimi?" Mama Ghala aliuliza.

"Tutakutafutia kiti pale mlangoni."

"Mlangoni kuna askari."

"Basi mtakaa wawili."

Jioni ile, mkwe wake anasimulia, alipofika nyumbani hakuinua kifuniko hata kimoja. Kwa mara ya pili maishani mwake walikuwa wanamwambia ahsante. Lakini la kwanza lilikuwa la haki, matangi ya chuma yalikuwa bora kuliko ghala lake, alikiri hivyo mwenyewe. Hili la sasa lilimsumbua kwa sababu walisema yeye ndiye aliyeingiza maji, na pua yake ilimwambia siyo, na hakuwa na njia ya kumwonyesha mtu pua yake.

Siku iliyofuata chumvi ilianza kuisha jikoni.

Ghalani, kabla ya kupokea gunia, alikuwa akitia konzi ya mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kidogo iliyokaushwa, akaitikisa. Chumvi ikishika kioo, mahindi mabichi, rudi nayo ukayaanike. Chumvi ikitiririka, karibu ndani. Hakuwahi kukosea, na hakuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kujivunia. Sasa alikausha chumvi kwenye kikaango, akaijaza kwenye vifuniko sitini vya chupa za soda.

"Mama," mkwe wake aliita kutoka chumbani, "chumvi imekwisha tena? Unaikaanga?"

"Naikaanga."

"Aa. Mimi nilikuwa natania."

Aliviweka vifuniko kwenye rafu, kila kimoja na karatasi ya namba. Jioni, kabla ya kufunga, akapita kuvipindua. Alitegemea, kama sisi sote, kwamba vya karibu na madirisha ndivyo vitakuwa vimelowa. Vya karibu na madirisha vilikuwa vikavu, chumvi ikamwagika kama mchanga. Vilivyolowa vilikuwa katikati, chini ya nguzo, nyuma ya rafu ya historia, kwenye kona ya watoto. Kimoja kilikuwa uji. Alirudia siku ya pili, na ya tatu. Vilevile.

Siku ya nne magoti yalimkataa, akaketi kwenye benchi ya watoto chini ya nguzo ya kati, bila kutafuta chochote. Kinyozi akaja na chupa yake ya maji.

"Shikamoo, Mama Ghala."

"Marahaba. Unamnywesha?"

"Namnywesha. Jana sikupata nafasi, nimekuja na ya jana na ya leo."

Akamimina zote mbili. Alipoondoka, akaja mwalimu wa chekechea, akaugusa mmea wake, na kwa wema akaongeza kidogo kwenye wa kinyozi. Baada yake akaja mtu mwingine. Mama Ghala aliwatazama kwa saa nzima. Kisha akasimama, akatembea maktaba yote na orodha yake ya vifuniko mkononi, na kila palipoandikwa "kimelowa" palikuwa na makopo. Palipokuwa na makopo kumi na tisa ndipo palipokuwa na uji.

Akaenda kwa Mkuu.

"Haiwezekani," Mkuu alisema. "Mimea inakunywa maji, mama. Ndiyo kazi yake."

"Inakunywa kwa miguu, Mwalimu. Kwa kichwa inatoka jasho."

"Nani kakwambia?"

Mama Ghala alichukua mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, akaufunika mmea uliokuwa juu ya meza ya Mkuu mwenyewe, akaufunga shingoni kwa uzi, akarudi kwenye kamba zake. Saa nane alipopita, Mkuu alikuwa bado ameketi, hajafungua faili hata moja. Ndani ya mfuko matone yalikuwa yakiteremka kwa mistari. Alikuwa ameyatazama tangu yalipoanza.

"Makopo mia mbili na kumi na nne," alisema. "Na ile karatasi ya mlangoni niliibandika mimi."

"Ulibandika. Na mimi nilikuwa nakwepa makopo nikivuta kamba, miaka yote hiyo, pua nilikuwa nayo. Tugawane."

"Watu watasema nini?"

"Watasema. Midomo ni yao."

Mkuu aliandika tangazo akiwaomba wanachama watoe mimea yao nje. Ikapita wiki. Yalitoka makopo sita. Wengine wote tulisoma tangazo, tukatikisa vichwa kwa huruma, na kila mmoja aliona kwamba linawahusu wale wenye mimea mikubwa. Wangu ulikuwa mdogo. Siku zilikuwa zimebaki kumi na tatu.

Kwa hiyo alianza kuyatoa mwenyewe, asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa mbele, kopo moja kila mkono, kwa magoti yale. Aliyapanga nje kando ya ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na jua la alasiri, lakini hatua mbili kutoka kwenye madirisha ili jasho lake lisirudi ndani. Siku ya kwanza alitoa arobaini. Siku ya pili watu walikuwa wanamsubiri.

"Umeua wa binti yangu!"

"Yuko nje, anapigwa na upepo. Nenda kamsalimie."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya vitabu."

Mmoja alimwita mchawi wa majani. Mwingine alisema angemshitaki kwa mwenyekiti, akaambiwa mwenyekiti naye ana kopo, la manjano, nyuma ya rafu ya sheria, halijamwagiliwa tangu siku ya picha. Kicheko kilipoa haraka, kwa sababu wakati huo alikuwa amefika kwenye meza ya pembeni na nesi mstaafu hakuondoka.

Mmea wa nesi ulikuwa mrefu, umepanda mpaka dirisha la juu. Mume wake ndiye aliyeupanda, miezi miwili kabla ya kufariki, na jina kwenye kopo lilikuwa la mume, si lake. Wote tulijua. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kukaa kiti cha pili cha meza ile.

"Huyu hatoki," nesi alisema.

"Sawa, dada."

"Usiniambie sawa kwa sauti hiyo."

"Sauti gani? Nimekuja kuomba unisaidie." Mama Ghala akaweka kifuniko cha chumvi mezani, kipya, kikavu. "Kiweke wewe mwenyewe. Chini ya majani yake. Mimi sikigusi. Kesho ukipindue wewe."

Kesho yake nesi alikipindua. Hakikumwagika. Alikigonga mezani mara tatu, chumvi imeganda kama jino. Kisha akacheka kicheko kisichokuwa na furaha nyingi.

"Wodi ya mapafu," alisema. "Watu walikuwa wanakuja na maua kwa wagonjwa wao. Nani alikuwa anasimama mlangoni kuyakataza? Miaka kumi na tisa. Mimi."

"Ulikuwa mkali?"

"Walikuwa wananiita polisi."

Akasimama, akaanza kuufungua mmea kutoka kwenye kamba za dirisha, jani baada ya jani, taratibu. Mama Ghala akashika kopo. Walipofika mlangoni nesi akasimama.

"Nje huko atamwagiliwa na nani?"

"Mvua."

"Mvua haimjui."

"Basi utakuwa unakuja kumtambulisha," Mama Ghala alisema, na wakatoka.

Sijui ni nani kati yetu aliyenyanyuka wa kwanza. Nakumbuka sauti ya viti. Nakumbuka kinyozi akibeba matatu kwa mpigo, moja kichwani, akikemewa asimwage udongo sakafuni. Kufika saa tano maktaba ilikuwa imejaa duara za unyevu pale makopo yalipokuwa yamekaa, mamia, na ilionekana tupu na yenye aibu kidogo, kama sebule iliyohamishwa vyombo. Mama Ghala alifungua madirisha yote arobaini na sita kwa pamoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kurasa kwenye meza zote zikajifunua zenyewe.

Siku ya thelathini kamati ilikuta mvua inanyesha. Afadhali, isije ikasemwa ni jua lililoshusha namba. Mhandisi alikisimamisha kipimo katikati ya chumba. Mama Ghala hakukitazama. Alikuwa upande wa mashariki, anavuta kamba, anaguna. Kilikaa kwenye sitini na moja. Mhandisi akakihamisha hadi kona ya watoto. Sitini na tatu. Akakipiga kofi dogo, akasubiri. Sitini na tatu.

"Kipimo wakati mwingine kinakuwa na hitilafu," alisema.

Mama Ghala akamletea kifuniko kutoka rafu ya historia. "Chukua na hiki. Hakitumii betri."

Mhandisi alikuwa kijana mwenye haki kuliko tulivyomdhania. Alikipindua, chumvi ikamwagika kiganjani mwake, na akaanza kuuliza: ilikaushwa vipi, iliachwa saa ngapi, kwa nini vifuniko na si sahani. Mwenyekiti alisema madirisha yabaki. Alisema pia kwamba yeye binafsi siku zote aliyapenda, na akauliza kopo lake liko wapi. Mikuyu haikukatwa. Afisa wa ardhi, yule mkimya, alisubiri wenzake watangulie kwenye gari, kisha akasema maneno yake ya kwanza katika vikao viwili.

"Mama, sisi tuna chumba cha mafaili. Hati za viwanja vya mji mzima. Karatasi zinashikana, ukivuta moja zinakuja tatu. Wananchi wananyang'anyana mipaka kwa sababu hatuwezi kusoma. Ungekuja tu kunusa?"

"Kwanza nimalize hapa," Mama Ghala alisema.

Ilimchukua miaka mitatu kumaliza. Alihakikisha mvua tatu zimepita na kipimo hakijapanda. Alimfundisha mhudumu mpya, mwanamke aliyetoka duka la vioo, kutwa nzima, miezi miwili, mpaka akaacha kuuliza saa na kuanza kutazama miti. Halafu akamkataza Mkuu asitangaze kuondoka kwake. Mkuu alitaka hafla, hotuba, hata cheti.

"Ukitangaza watalia," alimwambia, "na machozi ni unyevu."

Ndiyo sababu Jumatatu ile hakuna aliyejua. Tuliambiwa saa tano, kwa sauti ya chini, meza baada ya meza, na nesi alipoambiwa aliuliza swali moja tu, kama kule anakokwenda kuna dirisha.

Kulikuwa na moja, na walikuwa wamelipigilia misumari. Sasa Mama Ghala ni mtunza mafaili wa ofisi ya ardhi, ghorofa ya chini, mlango wa mwisho mkono wa kulia, Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa.